Hao wote ni wa hapa: watu wazima wa Moshi wanaishi na nani?

Karani wa sensa alifika kwa mama yangu, kijijini Kirua Vunjo, mlimani Kilimanjaro, siku ya Alhamisi. Sensa yenyewe ilikuwa Jumanne ya tarehe 23 Agosti 2022, lakini kazi ya kupita nyumba kwa nyumba ilichukua siku kadhaa, na kila mlango karani aliuliza swali lile lile: ni nani waliolala hapa usiku wa kuamkia Jumanne? Mama alimpa kigoda, akamwagiza mjukuu alete chai, kisha akaanza kutaja watoto wake kwa mpangilio wa kuzaliwa. Kaka mkubwa, yuko Dar es Salaam. Dada, ameolewa Arusha, anakaa Sakina. Mimi, niko Pasua, Moshi mjini. Mdogo wetu wa mwisho. Mjukuu. Karani, binti mdogo mwenye adabu, alikuwa ameshika kishikwambi chake bila kugusa kitu.

"Samahani mama, naomba wale waliolala humu tu."

"Mwanangu, hao wote ni wa hapa."

Waliingia watatu: mama, mdogo wangu na mjukuu wa darasa la nne. Binti aliondoka na kichane cha ndizi, maana kwa mama mgeni hatoki mikono mitupu, lakini jioni ile mama alinipigia simu akiwa na kinyongo. Alisema wamemwandika kama mtu ambaye watoto wake wamekufa.

Maneno yale yalinikaa. Karani hakukosea na mama hakukosea. Kila mmoja alikuwa anajibu swali lake, na maswali yenyewe ni mawili: mtu analala wapi, na mtu ni wa wapi. Tukizungumza kuhusu watu wazima na makazi yao, nani anakaa kwa wazazi, nani amejitegemea, nani ameachwa peke yake, tunayachanganya maswali hayo mawili, na humo ndimo lawama nyingi zisizo za haki zinamozaliwa. Kwa hiyo naomba niyatenganishe taratibu.

Nianze na neno kaya, maana ndilo serikali inalohesabu. Kaya si familia. Kaya ni mtu au watu wanaoishi pamoja, wanaopika na kula pamoja, na kumtambua mmoja wao kuwa mkuu wa kaya. Damu haiulizwi. Dada wa kazi anayelala kwako ni wa kaya yako, na mwanao aliye bweni usiku ule si wa kaya yako. Ninapokaa mimi Pasua kuna uwanja mmoja wenye milango sita, bomba moja na mita moja ya Luku, na siku ya sensa tulihesabiwa kaya saba. Mlango wa nne wanaishi vijana wawili wa mtaa mmoja kule Rombo, kila mmoja ana jiko lake la gesi pembeni mwa kitanda, kila mmoja ananunua unga wake. Chumba kimoja, kaya mbili. Mlango wa pili kuna mama na binti zake wawili watu wazima, mmoja na mtoto wake, sufuria moja: watu wanne, kaya moja.

Ukishaelewa hivyo, takwimu zinasomeka vizuri zaidi. Mwaka 2012 kaya ya Tanzania ilikuwa na wastani wa watu 4.7; mwaka 2022 ilikuwa 4.3. Wapo waliosema familia zinavunjika. Wastani huo hauwezi kukwambia hilo. Kaya hupungua kwa sababu watu wanazaa wachache, na pia kwa sababu kijana mmoja akihama kwa wazazi na kupanga chumba, kaya moja ya watu watano inakuwa kaya mbili, ya wanne na ya mmoja. Huenda kijana huyo anatuma pesa nyingi zaidi nyumbani kila mwezi kuliko alizotoa alipokuwa analala pale. Sensa haina kisanduku cha muamala wa simu.

Takwimu nyingine inanigusa zaidi kwa sababu ni yetu. Mwaka 2012 mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu 1,640,087 na mkoa wa Arusha 1,694,310. Tulikuwa karibu sawa. Miaka kumi baadaye Kilimanjaro ilifika 1,861,934, Arusha 2,356,255. Majirani waliokuwa bega kwa bega wameachana kwa karibu watu nusu milioni. Si kwamba wote wametoka kwetu, Arusha inapokea watu wa kila upande. Lakini ukipanda basi Moshi asubuhi ya Jumapili, Januari, utaona mabegi, magunia ya ndizi na ndoo za maziwa ya mgando zinavyokwenda magharibi, na utajua sehemu ya jibu.

Kwa nini watu wazima wa mlimani wanaondoka? Watu hupenda kusema Mchagga anapenda biashara. Jibu hilo linaruka sababu. Sababu ni kihamba.

Kihamba ni shamba lenye nyumba ndani yake, au nyumba yenye shamba kuizunguka, vyovyote utakavyosema: migomba juu, kahawa chini ya migomba, magimbi na mboga chini kabisa, ng'ombe bandani anakula majani yaliyobebwa kutoka tambarare, mpaka umepandwa masale, na makaburi ya wazee yako pale pale kati ya migomba. Kwa desturi, mtoto wa kiume wa kwanza alikatiwa kihamba chake baba akiwa hai, mara nyingi anapooa. Wa kiume wa mwisho alibaki na nyumba ya wazazi, na pamoja na nyumba akabaki na wazazi wenyewe. Wa kati walijitafutia. Rombo, Vunjo, Kibosho na Machame wanatofautiana hapa na pale, lakini mifupa ya desturi ni hiyo.

Zamani wa kati hakupata hasara kubwa, kwa sababu mangi, yaani chifu, aliweza kumpa eneo lisilo na mtu. Uchifu ulifutwa mwaka 1963, na hata kabla ya hapo mlima ulikuwa umeanza kujaa. Juu kuna msitu na hifadhi ya taifa, huwezi kuhamia huko; chini kuna tambarare kavu, huwezi kulima kahawa. Katikati watu wanaongezeka. Kihamba kilichogawanywa mara tatu kinabaki kipande ambacho ukisimama mlangoni unamsalimia jirani bila kuinua sauti. Kwa muda mrefu kahawa ilifunika tatizo hili. KNCU, ushirika uliosajiliwa mwaka 1933, ulikusanya kahawa ya wakulima wadogo, na pesa ya kahawa ikalipa ada na kuezeka nyumba kwa mabati, hata kwa mwenye miti michache. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa mgao wa kahawa ulivunjika, bei ikaanguka, na wengi waliona kihamba kinalisha lakini hakisomeshi tena. Mtoto wa kati akaondoka kwa sababu hakuna ardhi. Wa kwanza naye akaondoka, kwa sababu ardhi aliyo nayo haitoshi.

Akabaki wa mwisho.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo tunapowakosea watu. Mjini tuna msemo mkali kwa mtu mzima anayeishi kwa wazazi: kula kulala. Tena tuna wa pili kwa anayeishi kwa dada yake aliyeolewa, anakula kwa shemeji. Mdogo wangu ana miaka 38 na anaishi kwa mama. Akishuka Moshi kununua dawa ya ng'ombe, watu waliosoma naye humuuliza bado yuko nyumbani. Hawajui, au wamesahau, kwamba alikuwa na kibanda cha simu Dar es Salaam, kilichoanza kumlipa, na mwaka 2014 baba alipopata kiharusi tulikaa kikao cha dakika ishirini kwenye simu tukakubaliana kwamba yeye ndiye arudi. Mimi nilikuwa na watoto wadogo, dada ana mume, kaka ana cheo. Na yeye ni wa mwisho, ni zamu yake, desturi inasema hivyo. Hakuna aliyemuuliza. Alifunga kibanda, akarudi, akamgeuza baba kitandani kila baada ya saa tatu kwa miaka miwili ili asipate vidonda, na baba alipofariki alibaki na mama mwenye shinikizo la damu na miguu inayovimba.

Kwa hesabu ya kaya, yeye ni mtu mzima anayeishi na mzazi. Kwa hesabu ya ukweli, mzazi ndiye anayeishi naye. Ukitaka kujua tofauti, usiulize nani analala kwa nani, uliza nani anaamka usiku.

Kinachouma ni kwamba sehemu moja ya desturi imebaki na nyingine imeyeyuka. Zamani wa mwisho alibaki na wazazi kwa sababu kihamba kile kilikuwa maisha kamili: kahawa yake, maziwa yake, mke wake atakayeletwa pale, heshima yake kijijini. Leo tunamwachia mzigo kamili na riziki nusu. Kisha tunashangaa haoi.

Mara nyingi husikia watu wakilinganisha vijana wetu na wa nje: Marekani mtoto akifika miaka 18 anaondoka, huku kwetu anang'ang'ania. Si kweli kama inavyosemwa. Watafiti wa Pew Research Center, kituo cha utafiti cha Marekani, walipochambua takwimu za Marekani za Julai 2020, wakati wa janga la korona, walikuta asilimia 52 ya vijana wa miaka 18 hadi 29 wanaishi na mzazi mmoja au wote wawili. Na hapo napo kuna fundo la hesabu: katika takwimu zile, mwanafunzi anayelala bweni la chuo kwa kawaida huhesabiwa kuwa yuko kwa wazazi. Mama yangu angewapenda wale makarani. Ulaya nako hakuna sura moja. Mwaka 2022 kijana wa Kroatia alihama kwa wazazi akiwa na wastani wa miaka 33.4, wa Ufini akiwa na 21.3. Bara moja, miaka kumi na miwili katikati. Kodi ya nyumba, ajira na msaada wa serikali kwa wanafunzi vina sauti kubwa katika jambo hili, hata pale tunapodhani ni utamaduni tu unaozungumza.

Turudi kwetu, tuanze na vijana wa miaka ishirini na kitu. Kinachomzuia kijana wa Moshi kujitegemea mara nyingi si uvivu wala kodi ya mwezi. Ni kodi ya mkupuo. Mwenye nyumba anataka miezi sita, wengine mwaka mzima, na dalali anataka mwezi mmoja wake juu. Kijana anayelipwa kwa siku, wa bodaboda au wa kubeba mizigo soko la Mbuyuni, anaweza kumudu chumba kwa mwezi lakini hawezi kukusanya miezi saba kwa mara moja. Ndiyo maana wanachanga: watatu geto moja Njoro au Majengo, godoro moja kubwa chini, nguo kwenye kamba. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika na wa vyuo vya afya vya hospitali ya KCMC hufanya hivyo hivyo Longuo, Rau na Soweto. Binti ana kikwazo cha ziada. Wazazi wengi wa mlimani bado wanaamini binti hutoka nyumbani kwa ndoa, si kwa kupanga, na mwalimu wa kike aliyepangiwa kazi mbali huruhusiwa kwa moyo mzito kuliko kaka yake asiye na kazi.

Kutoka geto, wengi huingia kwenye kile tunachokiita sogea tukae. Hakuna posa, hakuna mahari, hakuna kanisa wala kadhi. Dada anakuja wikiendi, anaacha mswaki, anaacha begi, mwezi wa tatu jirani anamwita Mama Fulani ingawa bado hana mtoto. Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu nimeona wanawake wengi wakitolewa kwenye vyumba vyao kwa kutojua sheria, na wengine wakijipa matumaini ambayo sheria haikuwapa.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakithibitika wameishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, katika hali iliyowafanya watambulike na watu kuwa mume na mke, mahakama itachukulia kwamba walioana. Inaitwa dhana ya ndoa. Soma vizuri maneno yale. Miaka miwili peke yake haitoshi, lazima jamii iwe inawatambua hivyo: majirani, balozi wa nyumba kumi, ndugu waliokuja kuwasalimu. Na ni dhana, maana yake inaweza kuvunjwa kwa ushahidi. Mwanamume akithibitisha kwamba tayari ana ndoa halali ya mke mmoja, huwezi kuwa mke wa pili kwa dhana. Wengi huishia hapo wakiambiwa huna chako. Lakini kifungu kile kina sehemu ya pili ambayo mitaani haisemwi: hata dhana ikivunjwa, mahakama bado inaweza kuamuru matunzo ya mwanamke na ya watoto waliozaliwa.

Na kuhusu mali, kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali zilizochumwa kwa juhudi za pamoja ndoa inapovunjwa. Je, kupika, kufua na kulea ni juhudi? Mahakama ya Rufani ilijibu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif: ndiyo, kazi za nyumbani za mke ni mchango. Miaka arobaini imepita tangu hukumu ile, na bado nasikia baraza la ukoo likimuuliza mwanamke, "Wewe ulileta nini?" Ulileta chakula mezani kila siku, ulileta usingizi wa mtu asiye na wasiwasi na watoto wake. Mahakama ya juu kabisa ya nchi ilishalisema. Liandikeni ukutani.

Sitaki nieleweke kwamba nawabeza wanaoishi hivyo. Wengi wanataka ndoa. Kinachowachelewesha ni gharama: mahari, send-off, sare, kamati, michango. Nimewaona waliokaa miaka kumi na miwili, watoto watatu, kanisani hawashiriki meza ya Bwana, kisha siku moja wanabariki ndoa asubuhi na mapema watu ishirini tu, mtoto wa kwanza akiwa msimamizi wa pete. Lilikuwa tendo zuri kuliko kumbi nyingi nilizokaa.

Waliovuka arobaini wana hali yao, na inaonekana kwa macho. Panda kutoka Himo kuelekea Marangu, au kutoka Moshi kuelekea Kibosho, mwezi wa Juni. Utaona nyumba za vigae, madirisha ya vioo, geti la chuma, na nyasi zimeota mbele ya ngazi. Ni nyumba za watu wanaolala Dar es Salaam, Arusha, Mwanza, Nairobi. Mgeni hudhani pesa imepotea. Kaka yangu ana moja. Huilala siku kumi na moja kwa mwaka, kutoka tarehe 22 Desemba hadi Mwaka Mpya. Lakini nyumba ile inajibu swali la pili, la mtu ni wa wapi. Ni mahali pa kuleta mchumba, pa kukaa kikao, na siku ikifika, pa kuletwa kwa jeneza. Kwetu mtu mzima ana nyumba ya kulala na nyumba ya kuzikwa, na mara nyingi anajenga ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza.

Arusha mambo yanachukua sura nyingine tena. Kwenye boma la Wamaasai kila mke ana nyumba yake na watoto wake, na karani akifika lazima aulize vyungu ni vingapi kabla hajaamua ameingia kaya ngapi.

Wazee ndio wanaonipa mawazo zaidi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kulipa pensheni jamii kwa kila mwenye miaka 70 na kuendelea. Bara hakuna malipo ya namna hiyo kwa kila mzee; pensheni ni ya aliyechangia mfuko kazini, na mkulima wa kahawa hakuchangia mfuko wowote, alichangia watoto. Kwa hiyo mtoto kuishi karibu au mbali si suala la mapenzi tu, ni mfumo mzima wa hifadhi ya uzee.

Tunapoogopa kwamba mzee yuko peke yake, tuna dawa mbili. Ya kwanza ni mjukuu. Mtoto anatoka Dar es Salaam na begi la shule, anaambiwa anaenda kumchunga bibi, bibi anaambiwa anamlea mtoto, na wote wawili wanalala wakiwa na amani kwamba wanamsaidia mwenzake. Ya pili ni kumhamisha mzee kuja mjini, na hapo ndipo tunapokosea kwa nia njema. Mwaka 2019 tulimleta mama Sakina kwa dada, karibu na hospitali, chumba chake chenye choo ndani, televisheni, chakula laini. Alikaa wiki sita. Asubuhi alikunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Mchana alikaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya geti, akisikiliza miguu ya watu wanaopita bila kuwaona. Kila siku saa kumi alimpigia mdogo wangu kuuliza swali moja: ng'ombe kala? Hakuna aliyemnyima kitu. Alinyimwa kazi, na alinyimwa mtu wa kumjibu kwa Kichagga nje ya uzio. Presha ilipanda. Tulimrudisha, na ikashuka.

Mjane kama yeye ana swali la ziada: anakaa pale kama nani? Tamko la sheria za mila la mwaka 1963 liliweka kanuni kwamba mjane hana fungu katika urithi wa mumewe, fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza. Maneno matamu, lakini yanamfanya mwanamke mgeni kwenye migomba aliyoipanda. Upande wa pili, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema wazi kwamba mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kukaa au kutumia ardhi haina nguvu. Na mume akiwa hai, Sheria ya Ndoa inakataza kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria hizi zote ziko hai kwa pamoja, na ipi itatumika mara nyingi huamuliwa na karatasi moja: muhtasari wa kikao cha ukoo unaopelekwa Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi. Aliyekuwepo kwenye kikao, na jina lililoandikwa, ndivyo vinavyobeba uzito. Binti aliyeachika na kurudi nyumbani mara nyingi hayumo kwenye orodha ile ingawa ndiye anayechota maji. Baba zamani alimwonyesha mahali pa kukaa, na akafa bila kuandika.

Baba yetu naye hakuandika. Tarehe 27 Desemba 2023, kabla watu hawajaanza kutawanyika, tulikaa barazani kwa mama na daftari. Mama alisema anataka kubaki pale mpaka mwisho, na kwamba asihamishwe tena hata akiomba kwa homa. Kaka alikubali kihamba kiandikwe kwa jina la mama kwanza. Dada akauliza kuhusu sisi wa kike, pakawa na ukimya, mama akanyanyua fimbo akaonyesha kipande cha chini, kutoka mfongo, ule mfereji wa maji, hadi kwenye masale, akasema pale hapajawahi kuwa pa mwanamume yeyote, pale alilima yeye na mavyaa wake.

Kisha tukamuuliza mdogo wetu anataka nini. Tulidhani atataja nyumba. Alikaa kimya kidogo, akasema anataka wiki mbili kila mwaka mtu mwingine alale pale, ili na yeye ashuke akaone watu. Miaka tisa hakuwahi kulala nje ya kihamba kile isipokuwa msibani.

Tuliandika zamu. Ya kwanza ilikuwa yangu, Machi 2024. Yeye alipanda basi la Tanga na begi dogo, mimi nikabaki na mama, na usiku wa kwanza aliniamsha mara tatu.